Alama za Tafsiri ya Kompyuta na Sikio la Msikilizaji

Mwaka 2002 Kishore Papineni na wenzake wa kampuni ya IBM walitoa kipimo kiitwacho BLEU, ambacho hadi leo hutumiwa kupimia tafsiri za kompyuta. Tafsiri ya mashine huwekwa kando ya tafsiri iliyofanywa na mtu, kisha huhesabiwa maneno, na mafungu ya maneno hadi manne, yanayolingana. Iliyo fupi mno hupunguziwa alama. Maana yenyewe haiulizwi. Wako waisomao alama ya 40 kana kwamba asilimia 40 ya ujumbe imefika, la hasha.

Tuseme mfasiri ameandika, "Mchungaji hatawaacha washarika wake." Mashine moja yatoa, "Mchungaji atawaacha washarika wake", nyingine, "Kasisi hatalitelekeza kundi lake." Ya kwanza imepata maneno matatu kati ya manne, nayo imepotosha. Ya pili imesema kweli bila kupata hata moja. Kipimo cha chrF, alichokitoa Maja Popović mwaka 2015, hulinganisha mafungu ya herufi, nacho huzifaa zaidi lugha zenye viambishi vingi kama yetu. Lakini hapa kingezidi kuipendelea mashine iliyokosea, kwa kuwa iliyopungua ni herufi h peke yake. Watetezi wa BLEU watajibu kwamba ilikusudiwa kwa mkusanyo mzima, si sentensi moja. Wana haki. Ila mhubiri hasomi wastani mimbarani.

Tena yapasa kuuliza ni maandishi gani yaliyopimwa. Mkusanyo wa FLORES-200, uliotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022, una Kiswahili; sentensi zake zilichukuliwa Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage, yaani habari, masomo ya watoto na maelezo ya safari. Kimwera, kisemwacho Nachingwea na Ruangwa, hakimo. Basi alama nzuri ya Kiswahili humsaidia fundi kulinganisha matoleo mawili ya mashine yake. Mhudumu aliyeko Mkotokuyana haimwambii kama mahubiri yaliyofasiriwa yataeleweka huko.

Kwa hiyo twapendekeza desturi ya wafasiri wa Biblia: tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya watu wasioijua asili, nao waulizwe walichosikia. Nani anaondoka? Nani anaachwa? Majibu yao yaandikwe kando ya alama, ijapokuwa hayajumlishiki.