Utambi Hauna Siri, Siri Iko Kwenye Udongo

Wengi waliojaribu kumwagilia maua kwa utambi, yaani kamba inayopandisha maji kutoka chomboni hadi chunguni, wakashindwa huilaumu kamba. Hubadilisha kamba, huongeza ya pili, hutafuta chupa kubwa zaidi, na mmea unaoza au unakauka vilevile. Nimechungulia vyungu vingi vya namna hiyo kwenye baraza na roshani za watu, na naona lawama inaangukia pasipostahili. Kazi ya utambi ni nyepesi. Kinachoamua ni udongo uliomo chunguni, kisha umbali kati ya chungu na maji. Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka kwa ua dogo lenye asili ya milima yetu ya Usambara.

Ua hilo ni Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za ukoloni, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, alilieleza kitaalamu na kulipa jina la ukoo wa Saint Paul. Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilianza kuzalisha aina zake za kwanza za kibiashara, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo nchini Marekani wakaunda chama chao. Leo linakaa kwenye madirisha ya nyumba ambazo wenyewe hawajawahi kuisikia Amani wala Muheza za kwetu Tanga. Ni wakuzaji wa ua hili walioishika njia ya utambi na kuinyoosha hadi ikawa kanuni ya kila siku.

Walikuwa na sababu. Jani la Saintpaulia lina manyoya laini, na likimwagiwa maji ya baridi kuliko lenyewe, seli zake za juu huharibika na kuacha madoa yasiyofutika. Maji yakituama katikati ya shina, moyo wa mmea unaoza. Kwao Usambara, maua haya huota kivulini, juu ya miamba yenye kuvumwani na kandokando ya vijito, mizizi ikiwa imejishikiza kwenye mboji kidogo tu ya ufa wa jiwe. Hapo unyevu haukatiki, lakini maji hayatuami, na hewa inapita. Hali hiyo ni ngumu kuiiga kwa jagi: leo unafurikisha, baada ya siku tatu udongo umekauka, mizizi inahangaika kati ya mafuriko na ukame.

Sasa tazama walichokifanya. Kabla ya kufikiria kamba, waliutupa udongo wa bustani. Mchanganyiko wanaoupenda kwa utambi ni theluthi moja ya mboji ya mabwawa, theluthi moja ya perilaiti na theluthi moja ya madini mepesi ya vemikulaiti. Perilaiti ni punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliochomwa mpaka ukafura. Ukiuminya mchanganyiko huo ukiwa na unyevu, haushikamani. Ukifungua kiganja, unafumuka wenyewe. Una matundu madogo ya kushika maji na matundu makubwa ya kuachia hewa. Hiyo ndiyo kazi yote. Uzi mmoja wa sintetiki unaopitia tundu la chini la chungu chenye upana wa sentimita 10 ukishatumbukia kwenye kopo la maji, mmea unakaa wiki nzima au zaidi bila kuguswa.

Kwa nini udongo una umuhimu kuliko kamba? Maji hupanda kwenye utambi kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye koroboi. Yanashikamana na nyuzi, yanavutana yenyewe kwa yenyewe, na mwanya ukiwa mwembamba yanapanda juu zaidi. Daktari Mwingereza James Jurin alieleza kanuni hiyo mwaka 1718. Kwenye tundu lenye nusu-kipenyo cha milimita 0.1, maji hupanda takriban sentimita 15. Ukilipunguza tundu hilo kwa nusu, kimo kinakuwa sentimita 30. Ila kuna gharama yake: kila nusu-kipenyo cha tundu kinapopungua kwa nusu, maji yanayopita ndani yake kwa msukumo uleule hupungua mara 16. Utambi wenye nyuzi zilizobanana sana unaweza kufikisha maji mbali, lakini kwa kudondosha tu. Ukitaka maji mengi zaidi, ongeza idadi ya nyuzi na upunguze umbali.

Maji yakishafika kwenye mizizi, utambi hauna la kuamua. Udongo ndio unaovuta. Majani yanapotoa mvuke, mizizi inanyonya, udongo unakauka kidogo, na matundu yake yaliyobaki wazi yanavuta maji kutoka kwenye nyuzi. Udongo ukishiba, mvuto unalegea na maji yanasimama yenyewe. Chungu kinajipimia. Lakini kushiba kunategemea aina ya udongo. Udongo wa mfinyanzi una matundu madogo tu. Unaendelea kuvuta mpaka kila mwanya umejaa maji na hewa imetoka yote. Mizizi inakosa pumzi, inageuka rangi ya kahawia, na mwenye mmea anaona majani yanalegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo kamba inapobebeshwa lawama isiyo yake.

Kosa la pili ni lile tulilorithi kwa nia njema: tabaka la kokoto au vigae chini ya chungu ili maji yatoke. Kwa utambi, tabaka hilo ni ukuta. Nafasi kati ya kokoto ni kubwa mno kuvuta maji, kwa hiyo kamba inayoishia hapo inalowanisha mawe tu huku udongo wa juu ukikauka. Ondoa kokoto, udongo ushuke mpaka chini, na kamba iingie ndani yake mpaka nusu ya kimo cha chungu.

Chombo cha maji kikae wapi? Chini. Nimeona mtu kaweka ndoo juu ya stuli na kamba zinateremka kwenye vyungu sita, akidhani maji yanayoshuka ni bora kuliko yanayopanda. Mara ncha ya kamba inapokuwa chini ya usawa wa maji ya ndooni, kinachofanya kazi ni uzito wa maji, na uzito haujui kama mmea umeshiba. Maji yatateremka mpaka ndoo ikauke au chungu kifurike. Chombo kikiwa chini, maji hayapandi ila yakiitwa. Acha nafasi ya hewa kati ya kitako cha chungu na maji, maana chungu kilichokaa ndani ya maji hakihitaji utambi na hakipumui. Mimi naona sentimita 5 hadi 10 kati ya kitako na uso wa maji zinatosha. Kumbuka pia kuwa nafasi hiyo inakua kadiri chombo kinavyopungukiwa, kwa hiyo kopo pana na fupi ni bora kuliko chupa ndefu nyembamba.

Kwetu perilaiti ni ghali, na mahali pengi haipatikani. Pwani tuna kitu kizuri zaidi, na mara nyingi tunakichoma moto: makumbi ya nazi. Chenga zake laini, zile zinazobaki nyuzi zikichambuliwa, hushika maji na kubaki na hewa. Zichanganye na mboji iliyoiva na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa majivu, au na mchanga mkubwa wa mtoni. Tahadhari moja tu: makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja, yamejaa chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kuyapandia kitu chochote.

Kuhusu kamba yenyewe nitasema machache. Pamba hunyonya vizuri, na tambi mpya za jiko la mafuta ya taa zinapatikana dukani, lakini pamba iliyofukiwa kwenye udongo wenye unyevu huoza baada ya muda, na hutagundua mpaka mmea ulegee. Zilizokwisha kutumika jikoni zisiguse chungu kabisa. Uzi wa sintetiki wa kufumia sweta, au soksi ndefu za nailoni zilizochanwa mikanda, hauozi upesi. Kamba ya plastiki ngumu ya kufungia mizigo ndiyo inayowadanganya wengi: nyingi zimetengenezwa kwa polipropilini, plastiki isiyopatana na maji. Tumbukiza kipande kwenye bakuli. Kikielea na kubaki kikavu ndani, kirudishe kwenye mizigo. Kamba yoyote mpya ifue kwa sabuni na kuisuuza, kwa kuwa nta na dawa za kiwandani huyafukuza maji.

Ipitishe kwa shazia kutoka tundu la chini, izungushe mara moja kwenye kitako cha chungu, kisha ipande katikati ya udongo. Iloweshe kabla ya kuifukia, na umwagilie udongo kutoka juu mpaka maji yatoke. Hatua hii wengi huiruka. Maji hupanda kwa kuungana kama mnyororo mmoja; pakiwa na pengo la hewa kati ya uzi mkavu na udongo mkavu, mnyororo haupo. Chombo kikikauka kabisa ukiwa safarini, kukijaza tu hakutoshi, inabidi uanze upya kutoka juu.

Njia hii ina mipaka yake. Mchicha, dania na mnanaa kwenye chungu kifupi, kwenye baraza yenye kivuli cha nusu siku, hustawi nayo. Mshubiri na mpungate hutaka udongo ukauke, kwa hiyo iache. Mnyanya uliokwisha kubeba matunda kwenye jua la Dar es Salaam unaweza kunywa lita nzima kwa siku au zaidi, na uzi mmoja hauwezi kuubeba. Hata nne zitatosha kwa shida. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi nacho hupoteza maji kupitia kuta zake, kwa hiyo utambi unahudumia mmea na chungu kwa pamoja.

Kwa kuwa maji yanapanda tu, chumvi inayokuja nayo inabaki juu udongo unapotoa mvuke. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Mara moja kwa mwezi toa chombo, mwagilia kwa wingi kutoka juu na uache maji yote yatoke chini. Kwa sababu hiyohiyo mbolea ya maji iwe hafifu: wakuzaji wa Saintpaulia hutumia sehemu ya nane hadi robo ya kijiko cha chai kwa lita 3.8.

La mbu si la kupuuzwa. Homa ya dengue ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, hutaga kwenye makopo madogo ya maji safi ya nyumbani. Kopo la wazi chini ya ua ni makazi yake halisi. Tumia chombo chenye kifuniko, toboa tundu linalotosha uzi tu, na ukipake rangi nyeusi au ukifunge gazeti ili mwani usiote ndani.

Kama unajiandaa kwa safari ya sikukuu, usifunge utambi siku ya kuondoka. Ufunge wiki mbili kabla, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, na baada ya siku saba pima yamepungua kiasi gani. Gawanya ujazo wa chombo kwa kiasi hicho, utapata idadi ya wiki ambazo mmea wako unaweza kukaa bila wewe. Siku za kiangazi punguza theluthi.