Mwana Kupona na Wino wa Bintiye

Akitajwa Mwana Kupona binti Msham, aliye maarufu kuliko wote miongoni mwa wanawake wa kale waliotunga kwa Kiswahili, mara husemwa kwamba alimfundisha bintiye kumtii mume. Neno hilo si uongo, lakini si zima. Utendi wake aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza jina la mashauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo ni la wachapishaji, si la mtungaji.

Tuutazame utendi wenyewe. Kwanza mama ahimiza dini, kisha adabu na ulimi mwema. Halafu ataja watu watano wa kuridhiwa: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Mume ni wa tano. Wala tusimtetee kupita kiasi: habari za mume ndizo alizozirefusha, na hata siku ya kiyama amweka mke chini ya radhi ya mumewe. Msomaji wa leo ana haki ya kulipinga fundisho hilo. Lakini kupinga fundisho ni jambo moja, na kumnyima mtungaji cheo chake ni jambo jingine.

Cheo chake chaonekana mwanzoni kabisa. Mama ni mgonjwa. Amwita bintiye, Mwana Hashima, aketi karibu na wino na karatasi. Mwishoni ataja hesabu ya beti zake na mwaka wa Hijra, 1275, nao wanawake wote awaalika kusoma. Basi alijijua kuwa mtungaji, na wasomaji wake aliwajua. Jambo hilo si dogo. Unguja, katika zama zizo hizo, binti wa Sultani, Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani.

Sisi tufundishao huku Buseresere tuna la kujifunza hapa. Wako akina mama watungao nyimbo na kusimulia hadithi kwa Kisukuma na Kizinza, wala hawana binti aliyeketi karibu na wino. Mara nyingi mwalimu huuandika wimbo, akauita wa kabila, na jina la aliyeutunga akaliacha. Hivyo ndivyo mwanamke atokavyo katika historia ya fasihi: si kwa kukosa kutunga, bali kwa kukosa kuandikwa. Basi kila tuandikapo wimbo, tumwulize mwenyewe jina lake, na akiridhia, tulitangulize mbele ya wimbo.