Tunafika Ulaya Haraka Mno

Wenzangu waandishi chipukizi, nina ugomvi nanyi, na mimi mwenyewe nimo. Kila mswada wetu wa kijana aliyezamia meli una sentensi hii: "Baada ya siku nyingi za taabu, akafika Ulaya." Wangu pia unayo. Sasa jamani, hizo siku nyingi ziko wapi? Mzamiaji anakunywa nini? Anajisaidia wapi? Akibanwa na kikohozi je?

Someni Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, iliyotoka 2013. Kijana anatoka Unguja akiiota Ulaya, anapita Uganda, anapita Sudan. Mzee hana haraka ya kutufikisha. Utamu wote umo njiani. Ila msimulizi ni mwandishi mwenyewe, kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza tunajua alinusurika. Asiyenusurika nani atamwandikia?

Rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha nne alizamia meli pale bandarini Dar. Mpaka leo hana barua wala simu. Mama yake huniuliza mimi, eti ndiye msomi.

Ile sentensi nimeifuta. Shujaa wangu bado yumo tumboni mwa meli, sura ya tatu sasa. Nanyi zifuteni zenu.