Kanda Zilizokataliwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi iliyokataliwa na mwenyewe haistahili kusikilizwa. Santuri ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971, imenifanya nisite.

Nyimbo zake nyingi zilirekodiwa Headley Grange, nyumba kongwe ya mashambani Uingereza. Kisha Jimmy Page na fundi mitambo Andy Johns walizipeleka studio ya Sunset Sound, Los Angeles, kuchanganya sauti. Waliporudi London na kuzisikiliza tena, walifadhaika: kilichong'ara kule, hapa kilififia. Kazi ikaanza upya. Ulinusurika mchanganyiko mmoja tu, wa "When the Levee Breaks", wenye ngoma za John Bonham zilizorekodiwa ukumbini kwa maikrofoni zilizoning'inizwa ngazini.

Mwaka 2014 Page aliutoa ule mchanganyiko wa Los Angeles wa "Stairway to Heaven". Nilitarajia aibu. Nikakuta wimbo mzima, wenye pumzi zake. Tofauti ni ndogo kuliko lawama uliyobebeshwa. Bado naupenda zaidi ule wa 1971, ila siwezi tena kuuita huu taka.

Tangu hapo sichani rasimu zangu usiku uleule. Nazisoma kwanza katika chumba kingine.