Tone Moja Juu ya Kioo

Julai hapa Izia, mjini Sumbawanga, jua hutoka, lakini joto lake huchelewa. Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya uwanda wa Ufipa mwezi huo haina utani. Nilikuwa nimempeleka mbwa wangu kwa daktari wa mifugo kupata chanjo ya kichaa. Mbele yangu alikaa mama mmoja na mbwa wake wa ulinzi, jike, amelala ubavu hana habari na mtu. Mama alishika kopo la dawa lililooshwa, ndani mkojo wa alfajiri, kina cha vidole viwili. Aliukinga kwa upawa aliofunga kwenye fimbo, maana mbwa jike huchuchumaa chini kabisa, na ukimsogelea na chombo hughairi. Kwangu mimi nusu ya ufundi ilikuwa imeshafanyika hapo.

Daktari hakulikimbilia kopo.

“Mama, maji anakunywaje?”

“Wiki mbili hizi alikuwa anamaliza ndoo, daktari. Tangu juzi hata maji hataki, anatapika tu.”

“Kuna mtu amemchoma sindano?”

Swali la sindano lina uzito kuliko linavyosikika. Deksa (deksamethasoni) hufanya mbwa akojoe mkojo mwepesi hata kama figo ni nzima, na dawa za kukojosha vivyo hivyo. Mkojo uliokingwa baada ya dripu utakupa habari za dripu. Hakuna aliyemchoma. Daktari akaifinya ngozi ya shingoni, nayo ikarudi kivivu. Akapapasa fizi; zinanata. Mbwa amekaukiwa maji.

Kopo lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kipimo cha daktari, rifraktomita, kimetengenezwa kusomea nyuzi 20 za Selsiasi, na mkojo wa baridi huonekana mzito kuliko ulivyo, kwa hiyo akaliacha mezani, akamchanja mbwa wangu kwanza. Nilidhani ananipendelea.

Alitaka kujua uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Fundi betri naye hupima uzito wa kimiminika: huvuta asidi kwenye bomba la kioo lenye kiboya ndani, na betri iliyojaa humpa karibu 1.28. Zamani mkojo ulipimwa kwa kiboya kama hicho, lakini kiboya kinataka kimiminika cha kutosha kuelea, na mbwa mgonjwa hatoi kwa ukarimu. Rifraktomita hutosheka na tone moja au mawili. Ni kama darubini fupi ya jicho moja, ncha yake ni kioo kilichokatwa mshazari. Nuru ikipita kwenye mkojo hupinda, na kadiri mkojo unavyobeba chumvi na taka nyingi ndivyo inavyozidi kupinda. Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alieleza chombo cha namna hii kwenye maandishi yake ya 1874. Ndugu wadogo wa chombo hicho leo wanapima hata maji yaliyomo kwenye asali.

Kwanza akaweka tone la maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na chumvi wala asidi, ambayo lazima yasomeke 1.000. Yalisomeka juu kidogo. Akageuza skrubu kwa bisibisi ndogo, kiasi cha unywele tu, akachungulia, akarudisha kidogo. Hatua hii wengi huiruka. Kisha akavuta mkojo wa juu uliotulia, akaacha mashapo chini, akadondosha, akashusha kifuniko. Kipovu cha hewa kikaingia. Akafuta, akaanza upya.

Akaelekea dirishani. Alipomaliza akanipa nami nichungulie: juu buluu, chini nyeupe, na mpaka umekatwa kama kwa wembe. 1.011.

Mbwa mzima aliyekaukiwa maji hubana mkojo wake, ukapita 1.030, hata 1.050. Kati ya 1.008 na 1.012 maana yake figo zimepitisha maji ya damu yalivyo, hazikubana wala hazikuzimua. Mbwa aliyetoka kushiba maji anaweza kutoa 1.011 hiyo hiyo na akawa hana ugonjwa wowote. Ndiyo maana maswali na ngozi ya shingo vilitangulia. Kwa ugonjwa wa figo wa polepole, uwezo wa kubana hupotea zikishaharibika kama theluthi mbili, wakati kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu, husubiri hadi robo tatu ndipo ipande. Karatasi za kuchovya zina kisanduku cha uzito pia, lakini kwa mbwa hazifai. Zilitengenezwa kwa mkojo wa watu.

“Figo zimechoka, mama.”

“Kwa nini?”

Nambari haisemi. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa vijidudu vya leptospira kutoka kwa panya, inaweza kuwa uzee. Akamwambia hivyo hivyo, bila kupamba.

Akafuta kioo kwa pamba iliyoloweshwa maji, akakikausha, akaandika daftarini: 1.011, mkojo wa alfajiri, ngozi inarudi kivivu, kabla ya dripu. Akamwomba mama ashike mguu wa mbele, akatafuta mshipa, akatoa damu ya kupeleka maabara, kisha akanyoosha mkono kuchukua dripu iliyokuwa imening'inia ukutani muda wote.