Hongera wauguzi wa Mnazi Mmoja

Mwaka 2014 taasisi ya upasuaji wa ubongo ya NED, iliyoasisiwa na daktari Mhispania José Piquer, ilianza kazi katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, jirani na Mji Mkongwe, Zanzibar. Sifa nyingi huenda kwa madaktari bingwa, nao wanazistahiki. Mimi leo nawapongeza wauguzi.

Mtoto mwenye kichwa kikubwa akishawekewa mrija wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni, anayekesha naye ni muuguzi: utosi umevimba? Anatapika? Analala kupita kawaida? Kwa mtu mzima kuna kipimo cha fahamu cha Glasgow, alama 3 hadi 15, na alama 2 zikishuka daktari huitwa hata kama ni usiku wa manane. Stashahada humpa muuguzi msingi. Jicho la kuyaona haya mapema hulipata kwa sista mkongwe wa wodi, anayesimama naye kando ya kitanda na kumuuliza, "Umeona nini?" Wataalamu wa kujitolea huja na kuondoka, sista hubaki, na mwenyewe bado anasoma.

Wizara ya Afya iwape masista walezi hawa cheo na posho, na muda wa kufundisha uhesabiwe ndani ya zamu.