Bembea Si Kitanda cha Umeme

Vijana wenzangu wa kalamu, huko Marekani kuna kitanda cha mtoto mchanga kiitwacho SNOO. Aliyekianzisha ni daktari wa watoto Harvey Karp, na kilianza kuuzwa mwaka 2016. Mtoto akilia, kitanda chenyewe kinasikia, kinamtikisa na kutoa mvumo mpaka anyamaze. Bei yake imewahi kufika dola 1,695. Piga hesabu mwenyewe hizo ni dagaa kiasi gani pale Kibirizi!

Wapo washikaji watakaocheka, eti Wazungu wamekosa nyimbo za kubembeleza. Mimi sicheki. Kitanda kile kimeona jambo ambalo wahakiki wetu wamelipita: mzazi naye anataka kulala.

Tumegombana juu ya vina na mizani tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, lakini bembea hatujaigombea. Shuleni tunaambiwa ni wimbo wa kumnyamazisha mtoto, basi. Kama dhima yake ni hiyo tu, mashine imeshinda, kwani haichoki saa tisa za usiku.

Lakini hebu tujiulize, mtoto wa wiki tatu anaelewa maneno? Yeye anapata mwendo na sauti. Watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, walieleza mwaka 2022 kwamba mtoto anayelia abebwe na kutembezwa dakika 5, kisha mbebaji akae naye dakika 5 hadi 8 ndipo amlaze. Hapo hakuna hata neno moja. Mbeleko ya bibi ilikwisha kuyajua hayo.

Sasa maneno ni ya nani? Ni ya mwimbaji. Katika bembea nyingi kuna mtu asiyekuwepo: baba kasafiri, mama kaenda shamba. Anayeimba anasema njaa yake na upweke wake huku akijifanya anaongea na mtoto. Huo ni ushairi wa malalamiko, na mashine haina la kulalamikia.

Tazameni hapa kwetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipoangaza. Usiku wa giza baba yuko ziwani, mama yuko macho na mtoto. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na wavuvi wakalala majumbani. Je, mtoto alipolia aliamka nani? Hapo pana hadithi fupi nzima, jamani, na bado hatujaiandika.

Tusidanganyane kwa kusifia mila tu. Zamani, ndani ya arobaini, bibi au shangazi alimpokea mzazi mtoto ili apate usingizi. Leo dada aliyepanga chumba kimoja Mwanga, mama yake yuko Kasulu, atapokewa na nani? Akiimba, anaimba huku anasinzia. Mhakiki anayesifu sauti tamu ya mama bila kuuliza mama huyo amelala saa ngapi, anausifu mzigo ambao hajaubeba.

Kwa hiyo mkienda Ujiji kukusanya bembea, msiandike maneno peke yake. Andikeni nani aliimba, saa ngapi, na nani alikuwa anakoroma pembeni. Na nyinyi mlio kina baba tayari, usiku wa leo mpokeeni mtoto kwanza, ushairi utafuata.